Taa Ikidondoka Nyamahanga, Kompyuta Inaulizwa Nini?

Taa ndogo ya sola ikimponyoka mtu mkononi, kimo cha mita moja hivi, hufika chini kabla nusu sekunde haijatimia. Inapogusa sakafu ina kasi ya mita 4.43 kwa sekunde, na ikiwa uzito wake ni gramu 300 imebeba nishati ya jouli 3 tu. Nishati hiyo ni ndogo, lakini yote inatafuta pa kwenda ndani ya milisekunde mbili tatu: kona inabonyea, ganda linapinda, betri inang'ang'ania vishikio vyake, kisha taa inaruka na kutua tena kwa ubavu. Kwa nyumba ya Nyamahanga, iwe upande wa Biharamulo au wa Ngara mkoani Kagera, ambayo nguzo ya umeme haijaifikia, milisekunde hizo ndizo zinazoamua kama usiku huo mtoto atasoma au kibatari kitarudi mezani.

Tukio hilo zima linaweza kuigwa kwenye kompyuta kabla taa yenyewe haijatengenezwa. Programu za uigaji wa kihandisi zipo kwa miongo kadhaa, na siku hizi baadhi hazilipiwi. Kama inawezekana au haiwezekani, hilo limekwisha. Limebaki suala la maandalizi: mhandisi akae mbele ya skrini aieleze programu kwamba taa inaanguka kutoka wapi, kwa upande gani, juu ya kitu gani, na imetengenezwa kwa plastiki ya namna gani. Naona sehemu ngumu ya kazi hii iko nje ya programu, na kwamba ripoti nyingi zinazoambatana na bidhaa zinazofika Kagera zina kasoro ya aina moja: hesabu zake ni sahihi, ila zimehesabu anguko la mahali pengine.

Elimu yenyewe ina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1945 Raymond Mindlin, akiwa Bell Labs nchini Marekani, alichapisha uchambuzi mrefu wa namna kitu kilichofungashwa kinavyopokea mshtuko kikianguka. Alitumia kalamu na karatasi. Kwa sehemu kubwa mzigo aliuona kama matonge machache yaliyokaa juu ya springi, na kwa vifaa vya wakati wake ilitosha. Miaka 31 baadaye, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, John Hallquist aliandika programu ya DYNA3D. Kilichohitajika wakati ule ni kujua kama bomu linaloangushwa na ndege iliyo chini chini litastahimili kugonga ardhi kwa kasi ya mita 40 hivi kwa sekunde. Mradi wa bomu ukafutwa, programu ikabaki. Mwaka 1978 msimbo wake ukatolewa bure kwa umma, na mmoja wa watoto wake, LS-DYNA, ndiye anayetumika leo katika viwanda vya magari na vya simu. Anayeangusha taa ya sola kwenye skrini kwa kasi iliyo karibu sehemu moja ya tisa ya hiyo anakula urithi wa bomu ambalo halikutumika. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Arusha asiyeweza kulipia leseni, tarehe yenye maana zaidi ni Septemba 2022, kampuni ya Altair ilipofungua msimbo wa programu yake ya Radioss kwa jina la OpenRadioss. Kazi ileile inafanyika humo bila kulipa chochote, mradi mtu awe na uvumilivu wa kusoma faili la maandishi mstari kwa mstari.

Sasa maandalizi yenyewe. Anayeanza hutamani kuiweka taa mita moja juu ya sakafu, kuwasha mvutano wa dunia na kuiacha ianguke, kwa sababu ndivyo tukio linavyoonekana kwa macho. Asifanye hivyo. Hesabu za namna hii hukata muda vipande vidogo sana, na kila kipande lazima kiwe kifupi kuliko muda ambao wimbi la sauti huchukua kuivuka elementi, yaani kijisehemu cha umbo la taa, iliyo ndogo kuliko zote katika modeli. Sharti hilo liliwekwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, kabla kompyuta hazijakuwapo. Katika plastiki ya ABS, ambayo maganda mengi ya taa hutengenezwa nayo, sauti husafiri karibu mita 1,450 kwa sekunde; elementi ya nusu milimita huvukwa kwa mikrosekunde 0.35. Mgongano wa milisekunde 5 unahitaji basi hatua elfu 14 hivi. Lakini ukiiacha taa ianguke yenyewe kutoka mita moja, utatumia hatua zaidi ya milioni moja na laki mbili kabla chochote hakijatokea, taa ikielea hewani bila kugusa kitu. Ndiyo maana huwekwa unywele mmoja juu ya sakafu na kupewa tangu mwanzo kasi ambayo ingekuwa nayo, 4.43. Kimo kinaingia kwenye modeli kwa sura ya kasi.

Hapohapo kuna mtego wa skrubu. Taa ina skrubu nne za chuma, na mchoro kutoka kiwandani unaonyesha nyuzi zake zote, kwa hiyo programu inazigawa elementi za milimita 0.2. Chuma hupitisha sauti kwa mita 5,000 kwa sekunde, na kipande cha muda kinashuka hadi mikrosekunde 0.04. Hatua elfu 14 zimekuwa laki moja na elfu 25. Skrubu zisizo na habari yoyote na swali letu zimefanya taa nzima isubiriwe mara tisa zaidi. Dawa ni kuzifuta nyuzi hizo na kuweka mahali pake silinda laini, au kiungo cha kihesabu tu kinachoshikanisha ganda na ganda. Wapo wanaochagua njia ya mkato, wanaiongezea elementi ndogo uzito wa bandia ili wimbi lipite polepole. Kwenye kazi nyingine njia hiyo haina ubaya. Kwenye anguko, uzito ndio unaoleta kipigo chenyewe, na mtu anayeongeza uzito bila kuangalia jumla yake anapima bidhaa ambayo haipo.

Vizio pia vimewaumbua wengi. Programu nyingi hazijui kilo wala mita. Zinapokea namba tupu. Ukichora kwa milimita, mfumo unaokubalika ni tani, milimita na sekunde, na hapo densiti ya ABS inaandikwa 0.00000000105, kasi ya taa 4,430, mvutano wa dunia 9,810. Ukisahau na kuandika 1,050 kwa sababu ndiyo namba ya kitabuni, programu haitakulalamikia hata kidogo. Itakupa picha zenye rangi nzuri.

Haya yote yanafundishika kwa wiki chache. Kinachofuata hakimo kwenye mwongozo wa programu yoyote.

Kwanza, hiyo mita moja imetoka wapi? Kwa taa za sola ina asili inayojulikana. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa, na kutokana nao zikatokea taratibu za ubora za Lighting Global, ambazo ziliingizwa katika waraka wa kimataifa wa IEC TS 62257-9-5. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata maabara ya kupima taa hizo. Taratibu zinadai kwamba taa ya kubebeka idondoshwe kutoka mita moja, na kwamba baada ya hapo iendelee kuwaka na isiwe hatari kwa mtumiaji. Ni kipimo chenye akili, kwa sababu kilitungwa na watu waliomfikiria mtumiaji wa vijijini. Hata hivyo kinahusu taa peke yake, iliyokwisha kutolewa katika boksi lake.

Taa inayouzwa Nyamahanga imesafiri kwanza. Imetoka bandarini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, kwa barabara ileile inayobeba mizigo ya Rwanda na Burundi, inayopita Lusahunga na Nyakahura kuelekea Rusumo, mpakani, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2016. Ikashushwa kwenye lori, ikapandishwa kwenye gari dogo, ikamalizia safari kwenye keria ya bodaboda, imefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu chakavu. Kwa vifurushi vya safari upo utaratibu wa ISTA 1A, unaotumika sana duniani: kifurushi kisichofika kilo 10 kinadondoshwa mara kumi kutoka sentimita 76, mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo, mara sita kwa nyuso zake zote. Uzito ukipanda kimo kinashuka, na katoni ya kilo 25 inaangushwa kutoka sentimita 46 tu. Wazo ni kwamba mzigo mzito hubebwa chini chini na kwa uangalifu, pengine na watu wawili au kwa mashine. Sasa simama jioni nyuma ya lori linaloshusha mizigo pale Nyakahura. Kuli yuko chini, mwenzake yuko juu ya bodi, kimo cha mita 1.3 hivi, na katoni inasukumwa kwa mguu hadi ukingoni. Ikimshinda wa chini, inaanguka na nishati karibu mara tatu ya ile ya ISTA. Sioni sababu ya kuwalaumu makuli. Waliotunga kipimo waliwaangalia wafanyakazi wa maghala yao wakaandika walichokiona, nasi tukachukua namba zao bila kuwaangalia wa kwetu.

Kimo, kwa bahati, kinabadilishwa kwa kuandika namba moja. Upande wa kuangukia unahitaji fikra zaidi. Kitu chenye umbo la boksi kina nyuso 6, kingo 12 na kona 8. Mikao 26 kabla hujafikiria ile iliyo katikati. Kipigo kikali kwa kona hupatikana pale kitovu cha uzito kinapokaa wima juu ya kona yenyewe, kwa sababu hapo nishati yote haina njia ya kugeuka kuwa mzunguko. Lakini kona hiyo ikipona isikufanye ulale usingizi. Suresh Goyal na wenzake wa Bell Labs, katika miaka ya 1990, walichunguza simu zinazoanguka zikiwa zimeinama kidogo tu, na wakaona kwamba ncha ya kwanza ikigusa, kitu kinapinduka na ncha ya pili inapigwa kwa kasi kubwa kuliko ile ya kuanguka. Maana yake kwa modeli ni dhahiri: ukisimamisha hesabu milisekunde 5 baada ya mguso wa kwanza, hutaliona pigo la pili kabisa. Kwa taa ndefu yenye shingo, mfano wa zile za mezani, hili ndilo la kwanza kuangalia.

Sakafu ndiyo inayonikera kuliko yote, kwa sababu hupewa sekunde tano za fikra. Programu nyingi huweka zenyewe bapa gumu lisilobonyea, tambarare, lisilo na mwisho, na mhandisi hujifariji kwamba ardhi ngumu ndiyo mbaya kupita zote, kwa hiyo chochote kitakachopona hapo kitapona kokote. Tuihesabu. Taa yenye kasi ya 4.43 ikisimama ndani ya milisekunde 2 juu ya saruji, inapunguza kasi kwa wastani wa mara 226 ya mvutano wa dunia. Betri yake ya gramu 40 inavuta vishikio vyake kwa nguvu ya kilo 9. Ikiangukia sakafu ya udongo ulioshindiliwa, kama ya nyumba nyingi za vijijini, na ardhi ikaipa milisekunde 10 za kusimama, namba inashuka hadi 45, na betri inavuta chini ya kilo 2. Mpaka hapo wenye bapa gumu wana haki: wamechagua hali mbaya zaidi. Toka sasa nje, kwenye barabara ya vumbi jekundu na changarawe. Hapo kuna jiwe moja lenye ncha limechomoza sentimita mbili. Taa ikilala juu yake kifudifudi, jouli zile 3 haziendi tena kwenye ganda lote wala haziifikii betri. Zinamalizikia kwenye eneo dogo kuliko ukucha, na kama eneo hilo ni paneli ya sola, kinachopasuka ni seli zenyewe, ambazo ni nyembamba na hazijui kupinda. Bapa gumu tambarare halitakuonyesha hilo hata ukiliongezea kimo mara tatu. Ukitaka jibu la Nyamahanga, chora jiwe: nusu tufe ndogo ngumu, milimita 20 hivi, iweke chini ya katikati ya paneli, na uendeshe modeli upya. Kazi ya dakika kumi.

Baada ya sakafu huja plastiki, na hapa upungufu wetu ni mkubwa zaidi. Karatasi ya sifa inayotoka kwa muuzaji wa plastiki inatokana na kipande kipya kilichovutwa taratibu katika chumba cha nyuzi joto 23, mara nyingi kwa mwendo wa milimita 50 kwa dakika. Taa inagonga chini kwa mwendo unaozidi huo mara elfu tano. Plastiki ikivutwa haraka hukakamaa, mkazo inaoweza kuubeba hupanda, lakini uwezo wake wa kunyooka kabla ya kukatika unaweza kushuka, hasa palipo na kona kali au mshono. Programu zina nafasi ya kuingiza tabia hiyo, mchoro mmoja kwa kila mwendo. Wengi huiacha nafasi hiyo wazi kwa kukosa data, wala siwashangai, maana kuipata kunahitaji mashine ya kuvuta kwa kasi ambayo karakana nyingi za vyuo hazina.

Kisha kuna umri. Taa huanikwa nje kila siku ili ijichaji, na jua la nyanda hizi, mita elfu moja na mamia kadhaa juu ya usawa wa bahari, huila plastiki kidogo kidogo mpaka inakuwa ya kukatika badala ya kupinda. Vipimo vya kimataifa vya vifungashio vya mizigo ya hatari vinasisitiza kwamba chombo cha plastiki kipoozwe hadi nyuzi 18 chini ya sifuri kabla ya kuangushwa, kwa kuwa baridi huifanya plastiki iwe kama kioo. Ni tahadhari ya haki kwa ghala la majira ya baridi huko Ulaya. Biharamulo haitaiona baridi hiyo kamwe. Inaona jua, na plastiki iliyoyeyushwa mara ya pili na ya tatu. Ukatikaji uleule, chanzo kingine, na kipimo cha kawaida hakikigusi kile cha kwetu.

Lipo pia suala la nini kihesabiwe kuwa kuharibika. Picha ya rangi inayopendwa kwenye ripoti ni ya ganda: bluu palipo salama, nyekundu palipozidiwa. Mhandisi anatafuta nyekundu, haioni, anaandika kwamba bidhaa imefaulu. Muulize fundi wa simu na redio yeyote mwenye meza yake sokoni, naye atakuonyesha taa zenye ganda zima zisizowaka. Waya wa betri umechomoka kwenye lehemu. Soketi ndogo ya kuchajia imeng'oka kwenye bodi ya saketi. Swichi imezama ndani. Hizo ndizo sehemu ambazo modeli huziunganisha kwa gundi ya kihesabu isiyoachia kamwe, kwa sababu ni ndogo na zinachosha kuchora. Aliyetanguliza kuuliza "taa itapasuka?" amepata jibu lake, mwenye taa alitaka kujua kama itawaka. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote ningeandika sentensi moja: bidhaa hii imeshindwa pale ambapo lehemu fulani imebeba nguvu kupita kiasi fulani, au betri imetembea zaidi ya milimita kadhaa. Sentensi hiyo ndiyo itakayosema elementi ndogo ziwekwe wapi na wapi papuuzwe.

Matokeo yakitoka, yana njia ya kujikagua. Nishati haipotei: ile ya mwendo inayopungua lazima ionekane imegeuka kuwa ya kupinda ganda, ya msuguano, au imerudi kuwa mwendo wa kuruka. Jumla yake iwe mstari ulionyooka. Kuna nishati moja ya uongo, inayotokana na elementi zinazokunjika kwa mitindo isiyokuwapo katika maumbile. Ikizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya kupinda, modeli irudiwe kwa elementi bora. Anayekupa ripoti bila mchoro huu usimsome.

Ukaguzi wa pili ni wa uani. Chukua taa tatu nne, futi ya fundi, kipande cha saruji na simu yenye kamera ya mwendo wa polepole. Simu inayopiga picha 240 kwa sekunde ina pengo la milisekunde 4 kati ya picha na picha, kwa hiyo mgongano wenyewe unaweza kupita wote usionekane. Wala kihisi mwendo cha simu hakifai, maana vingi hufika kikomo kwenye mara 8 au 16 ya mvutano wa dunia wakati sisi tunaongea mamia. Lakini kamera inaonyesha mambo mawili bila shida: taa ilitua kwa kona ipi, na iliruka kimo gani. Ikianguka kutoka mita moja ikaruka sentimita 20, basi iliondoka sakafuni kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Modeli yako nayo iseme 2, au karibu. Ikisema 3.5, plastiki uliyoiweka ni springi mno, na kila namba ya mkazo iliyomo humo ina walakini. Sijui njia ya bei rahisi kuliko hii ya kuitia programu adabu.

Mpaka hapa tumeongea juu ya kitu kikavu. Kinachoanguka sana katika vilima vya Ngara ni dumu la maji la lita 20. Aprili 1994, zaidi ya wakimbizi laki mbili kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaweka makazi Benaco, chombo cha kuchotea maji kilikuwa miongoni mwa mali za kwanza walizozihitaji, na mpaka leo kwenye baiskeli inayopanda kutoka mtoni ndicho utakachokiona. Dumu lililojaa lina kilo 21 hivi. Likianguka kutoka kwenye keria, sentimita 80, linatua na jouli 165, mara hamsini na tano ya taa yetu. Hapa programu inadai zaidi. Maji hayawezi kuwekwa kama uzito uliobandikwa kwenye kuta. Yanasukumana, yanapanda, yanagonga dari ya dumu. Baadhi ya programu hugawa maji chembechembe zinazotembea huru. Nyingine huyapitisha katika wavu uliosimama. Zote mbili ni za gharama, na zote zinategemea jambo ambalo mchoraji hulisahau: nafasi ya hewa juu ya maji. Dumu lililojazwa mpaka mdomoni halina pa kupokea mshindo.

Halafu kizibo. Katika modeli kizibo kimekaza, na shinikizo likipanda linatafuta mshono wa chini. Kijijini kizibo cha kiwandani kilipotea zamani, na mahali pake kuna gunzi la mahindi lililovikwa kipande cha mfuko. Dumu likianguka, gunzi linaruka kwanza, maji yanatoka kwa hasira, na kuta zinapona. Mtu amelowa lakini dumu analo. Ningependa kumwona mhandisi wa kiwanda cha plastiki akilihesabu gunzi hilo, nasema hivi bila mzaha, kwa kuwa ni mfano kamili wa kizibo cha usalama.

Kwenye dumu pia ndipo tofauti kati ya mchoro na kitu halisi inapokuwa kubwa. Madumu hupulizwa ndani ya kalibu, na plastiki inaponyooka kufika konani hukonda. Mchoro unasema milimita 1.5 kila mahali. Kona halisi inaweza kuwa nusu ya hapo, na ni kona inayogonga chini. Msumeno na kipimo cha vernia vinatosha kulijua hilo: kata dumu moja, pima sehemu ishirini, ingiza unene huo kwenye modeli. Jambo hili lina uzito zaidi pale dumu la mafuta ya kula linapogeuzwa kuwa la petroli ya bodaboda. Kwa mizigo ya hatari, kanuni za Umoja wa Mataifa zinapanga kimo cha kuangushia kwa ukali wa kilichomo: mita 1.8 kwa kundi la kwanza, 1.2 kwa la pili, 0.8 kwa la tatu. Petroli ni ya kundi la pili. Sianidi ya sodiamu ya kuchenjulia dhahabu, ambayo hutumika sana katika migodi ya kanda hii, ni ya kundi la kwanza. Dumu la mafuta ya alizeti halikuahidi mtu yeyote kimo chochote kati ya hivyo.

Nani basi ahangaike na uigaji huu? Jibu langu halitawapendeza wauza programu. Mnunuzi wa taa elfu mbili kwa ajili ya shule, halmashauri au shirika, hahitaji modeli. Anahitaji sampuli sita, futi, saruji, jiwe, na ujasiri wa kuzivunja kabla ya kulipa. Uigaji unalipa pale ambapo kalibu ya chuma haijachongwa, kwa sababu kubadili unene wa ubavu kwenye skrini ni bure na kuubadili kwenye chuma ni fedha nyingi na miezi ya kusubiri. Wanaofanya uamuzi huo hapa nchini wapo: viwanda vya ndoo na madumu, wabunifu wanaolelewa na vyuo, karakana za taasisi za umma za TEMDO na CAMARTEC kule Arusha. Kwa hao, jedwali la plastiki zetu, ya jua la mwaka mmoja na iliyoyeyushwa mara ya pili, iliyovutwa kwa kasi ya kweli, lingekuwa na faida kuliko leseni kumi za programu. Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, na shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, ndio ningewategemea kulitengeneza na kuliacha wazi kwa kila mtu.

Limebaki anguko la pili, la tano, la ishirini. Karibu modeli zote huangusha bidhaa mpya mara moja, wakati taa ya Nyamahanga imekwisha kuanguka mara nyingi kabla ya siku inayozimika. Programu zinaruhusu kuanza upya kutoka pale hesabu ya kwanza ilipoishia, ganda likiwa na mikunjo yake na lehemu ikiwa na uchovu wake, ukaiinua taa tena, ukaigeuza upande mwingine, ukaishusha. Maanguko matano mfululizo kwa taa ya ukubwa huu ni kazi ya usiku mmoja wa laptopu ya kawaida, umeme usipokatika.